Halali, Njema na Kiasi: Mafunzo ya Ulaji kwa Vijana wa Pwani ya Afrika ya Mashariki

Kijana wa Unguja, wa Mombasa au wa Tanga akiulizwa dini yamwagiza nini juu ya chakula, mara nyingi jibu lake huwa fupi: nguruwe ni haramu, pombe ni haramu, na nyama sharti iwe ya kuchinjwa. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni theluthi moja tu ya jambo lenyewe. Mafunzo ya Kiislamu juu ya chakula yana sehemu tatu. Ya kwanza ni kujua kilichoruhusiwa na kilichokatazwa. Ya pili ni kuchagua, katika vile vilivyoruhusiwa, kile kilicho chema na chenye kuufaa mwili. Ya tatu ni kujua kiasi.

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi sehemu hizo tatu zilivyofika na kukaa katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na sababu ya vijana kuishika sana ile ya kwanza hali zile mbili zimelegea. Hoja yenyewe ni hii: sehemu ya kwanza ilihifadhiwa na lugha pamoja na vitabu; ya pili na ya tatu, kwa watu wengi, zilihifadhiwa na sinia, yaani na desturi ya kula pamoja. Sinia lilipoanza kuondoka, mafunzo yake hayakupata mahali pengine pa kukaa.

Asili ya mafunzo

Kurani, katika Sura ya 2, aya ya 173, yataja mambo manne yaliyokatazwa: mzoga, damu, nyama ya nguruwe, na kile kilichochinjwa kwa jina lisilokuwa la Mwenyezi Mungu; kisha yamsamehe mtu aliyeshikwa na dharura. Lakini kabla ya hapo, katika aya ya 168 ya sura hiyo hiyo, wanadamu wote wameambiwa wale vya ardhini vyenye sifa mbili, nazo zimewekwa pamoja: *halal* na *tayyib*. Neno la kwanza ni la hukumu. Lasema kitu kina ruhusa au hakina. Neno la pili ni la sifa. Lasema kitu ni chema, safi, chenye kupendeza na kisichodhuru. Ama kiasi kimetajwa katika Sura ya 7, aya ya 31, ambapo ruhusa ya kula na kunywa imefuatwa papo hapo na katazo la kupita mpaka.

Hadithi za Mtume zaeleza mambo haya kwa mifano ya nyumbani. Moja, iliyopokewa na al-Miqdam bin Maadikarib na kuandikwa katika mkusanyo wa Tirmidhi, yafundisha kwamba tumbo likijazwa kupita haja ndicho chombo kibaya kuliko vyote, na kwamba asiyeweza kujizuia na aligawe mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Nyingine, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ni ya Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani mwa Mtume. Mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku sahanini wakati wa kula. Akafundishwa papo hapo amtaje Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale upande ulio mbele yake. Yafaa kuangalia hali ya somo hilo. Mwanafunzi ni mtoto, darasa ni sahani, na mwalimu anakula pamoja naye.

Wanavyuoni wa baadaye waliyakusanya mafunzo haya yakawa elimu kamili. Al-Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, alitenga kitabu kizima cha adabu ya kula, kikiwa cha 11 katika vitabu 40 vya *Ihya*. Na katika kitabu cha 23 akarudia habari za tumbo, akaonyesha kwamba shibe iliyopita kiasi huuzito mwili na kuuziba moyo. Afya na ibada kwake ni jambo moja.

Maneno yaliyopokewa na maana zilizoachwa

Uislamu ni wa siku nyingi katika pwani hii. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta Shanga, katika kisiwa cha Pate, mabaki ya msikiti wa miti wa karne ya 8. Na msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Katika muda wa karne hizo lugha ya Kiswahili ilipokea maneno ya sheria ya chakula, na namna yalivyopokewa ni ushahidi wa kihistoria kama mawe ya msikiti.

*Halali*, *haramu*, *makuruhu*, *najisi* na *tohara* yalitoka katika Kiarabu, yakaingia hata katika mazungumzo ya sokoni. Pamoja nayo, maneno ya Kibantu yalipewa kazi mpya. *Kuchinja* na *kufunga* hayakuazimwa; ni maneno ya wenyeji yaliyotwaa maana ya dini. Lugha ikawa pia na neno *kibudu* kwa mnyama aliyekufa bila kuchinjwa kwa sheria, hivyo hata mtoto asiyejua Kiarabu aliweza kuijua hukumu ya nyama kwa neno moja. Mfungo wa Ramadhani uliingia hata katika hesabu ya mwaka. Mwezi wa Shawwal ni Mfunguo Mosi, unaofuata ni Mfunguo Pili, na hivyo hivyo mpaka Mfunguo Tisa, kabla ya Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Miezi tisa katika kumi na miwili yahesabiwa tangu siku watu walipofungua vinywa vyao.

Mambo hayakuwa hivyo kwa yale maneno mengine mawili. *Tayyib* halikupata nafasi kama ya *halali*. Laonekana zaidi katika majina ya watu, kama Twaibu na Twayyiba. Mahali pake pameshikwa na *-zuri* na *-ema*, nayo ni maneno mapana mno kuweza kubeba hukumu. Mswahili akisema, "Leo tumekula chakula kizuri," huelewa kwamba kilikuwa kitamu, hasemi habari za manufaa yake mwilini. *Israfu* lilipokewa, lakini maana yake ilielekea kwenye mali: mwenye israfu ni yule anayetapanya fedha. Anayekula kupita kiasi huitwa mlafi au mroho, na hayo ni maneno ya kulaumu tabia, wala hayana uzito wa *haramu*. Hivyo lugha iliupa mpaka wa halali alama zilizo wazi, ikaacha wema wa chakula na kiasi chake vifundishwe kwa njia nyingine.

Methali hata hivyo ziliziba sehemu ya pengo hilo. Wahenga waliposema, "Shibe mwana malevya," waliiweka shibe karibu na ulevi. Kijana aliyefunzwa kwamba kileo ni haramu alikumbushwa kwamba wali nao, ukizidi, humlevya mtu kwa namna yake.

Habari za msafiri wa mwaka 1331

Ushahidi mzuri wa zamani juu ya ulaji wa pwani ni wa Ibn Battuta, aliyepita mwaka 1331. Huko Mogadishu alikaribishwa katika nyumba ya wanafunzi wa dini, akaletewa chakula mara tatu kwa siku. Aliona wali uliopikwa kwa samli, umewekwa katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Msafiri huyo aliongeza kwamba mtu mmoja wa mji ule alikula chakula cha kuwatosha watu kadhaa wa kwao, na kwamba wenyeji walikuwa wanene sana. Basi isidhaniwe kwamba watu wa kale wote walishika kiasi. Mafunzo yalikuwapo, na waliovuka mpaka walikuwapo pia.

Alipofika Mombasa alikuta chakula kikubwa ni ndizi na samaki, kwa kuwa nafaka ililetwa kutoka bara ya karibu. Kilwa alimsifu Sultani Abu al-Muzaffar Hasan kwa unyenyekevu wake, kwa kuwa alikaa na mafukara akala pamoja nao. Alisema pia kwamba watu wa Mombasa na wa Kilwa walifuata madhehebu ya Shafii.

Habari hiyo ya madhehebu ina maana kwa chakula. Katika Ushafii viumbe wa baharini kwa jumla ni halali bila ya kuchinjwa, hali madhehebu ya Hanafi yamebana zaidi. Mvuvi wa pwani aliweza kula samaki na pweza bila shaka moyoni. Mashaka yalibaki kwa wanyama waishio majini na nchi kavu pia, kama kaa, ambao an-Nawawi, aliyekufa mwaka 1277, aliwahesabu katika waliokatazwa. Na kitabu chake cha *Minhaj* kilisomwa sana na wanavyuoni wa pwani hii. Kwa hiyo sheria haikumnyima maskini wa pwani chakula chake cha kila siku. Samaki, aliye rahisi kumpata na mwema kwa mwili, alikuwa pia halali isiyo na tatizo.

Sahani iliyobadilika

Hukumu hazikubadilika, lakini vilivyomo sahanini vimebadilika mara nyingi. Uchimbuaji wa Pemba waonyesha jambo hili wazi. Huko Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, nafaka iliyoonekana kwa wingi ni uwele. Huko Chwaka, mji uliofuata karibu na hapo, uliokaliwa kati ya karne ya 11 na ya 16, mpunga ndio uliotangulia. Katika muda huo huo misikiti ya mawe ilijengwa, na watafiti wameuhusisha wali na karamu za wakubwa. Hapana shaka kwamba heshima ya wali ilianza mapema. Lugha yenyewe yatoa ushahidi: *mpunga* ukiwa shambani, *mchele* ukikobolewa, *wali* ukipikwa, na kila kinacholiwa pamoja nao kikaitwa *kitoweo*, kama kwamba chakula chenyewe ni wali tu.

Baada ya mwaka 1500 Wareno walifungua njia ya mimea ya Amerika. Mahindi yalipofika yakapewa jina la Uhindi, ingawa asili yake si huko. Muhogo nao ukaenea, ukastahimili jua na ardhi hafifu. Katika karne ya 19, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalipopanuka, watumwa walipewa vishamba vya kujilimia, na muhogo ukawa riziki yao kubwa. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897. Leo muhogo wa nazi ni chakula cha heshima katika futari ya tajiri na maskini, na wachache hukumbuka mikono iliyoulima kwanza.

Jambo hili lafaa kuzingatiwa na wale wanaodhani kwamba chakula cha dini ni orodha ya vyakula fulani. Futari ya pwani ina tende za Uarabuni, muhogo wa Amerika, na magimbi na ndizi zenye asili ya Asia, vyote juu ya jamvi moja. Hukumu ya halali haikuuliza kitu kilitoka wapi.

Sinia kama chuo

Watoto wa pwani walisoma mahali pawili. Chuoni walijifunza Kurani, kisha vitabu vifupi vya sheria kama *Safinat an-Naja* cha Salim bin Sumair wa Hadhramaut. Huko walijua nguzo, tohara na hukumu. Nyumbani, kwenye sinia, walijifunza yaliyobaki.

Sinia lilikuwa na taratibu zake. Watu hunawa, hukaa chini, na mdogo humngoja mkubwa aanze. Hutajwa jina la Mungu. Kila mtu hula upande wake, na katikati, penye kitoweo, hapaguswi mpaka mkubwa amemega na kugawa. Taratibu hizi zote zilihesabiwa kuwa adabu, na adabu ilihesabiwa kuwa dini. Lakini ziliufaa mwili pia. Mtoto hakujipakulia. Hakuweza kula kitoweo peke yake na kuacha mboga. Hakuweza kula haraka, kwani macho ya wenzake yalikuwa juu yake, na uroho wake ulionekana na kila mtu. Kiasi hakikuhitaji kuelezwa kwa maneno, kwa sababu mpaka wa sehemu yake aliuona kwa macho.

Mfungo nao ulifundishwa kwa daraja. Mdogo huzoezwa kufunga mpaka adhuhuri, kisha siku moja nzima, mpaka aweze mwezi mzima. Hufundishwa kuamka kwa daku hata akiwa na usingizi, ili mwili usidhoofike mchana, na kufungua kwa tende au maji kabla ya kula chakula kizito. Hapo ndipo kijana alipoijua njaa ya hiari, akajua kwamba tumbo laweza kuamriwa.

Haipasi kuisifu desturi hii kupita haki yake. Wanaume walikula mbali na wanawake, na mara nyingi vipande bora vilikwenda kwao. Watumwa walikula baada ya mabwana, au kando yao. Siku chache kabla ya Ramadhani watu walivunja jungu kwa karamu, na arusi na matanga vilikuwa na mashindano ya kulisha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekufa mwaka 1947, katika magazeti yake ya *Sahifa* na *Al-Islah* ya miaka ya 1930, alizikemea gharama za sherehe za namna hiyo, hoja yake kubwa ikiwa mali za Waislamu zinazoteketea. Kwa hiyo israfu ilipigwa vita. Lakini ilipigwa vita kwa ajili ya mfuko zaidi kuliko kwa ajili ya mwili.

Kuondoka kwa sinia

Mabadiliko yaliyoligusa sinia yalikuja polepole. Chai na sukari, vilivyokuwa vya wenye nafasi, vikawa vya kila nyumba. Mkate wa mofa wa unga wa mtama ukaachia nafasi mkate wa ngano iliyokobolewa. Mchele uliotwangwa kwa kinu na mchi, ambao hubakiza sehemu ya pumba zake, ukashindwa na mchele mweupe wa mashine; dona nayo ikashindwa na sembe. Katika kila badiliko kilichoingia kilikuwa halali kama kilichotoka. Mtu aliyekuwa na kipimo kimoja tu, yaani halali na haramu, hakuwa na neno la kueleza kilichopotea.

Shule na kazi zikabadili saa za kula. Baba, mama na watoto hawakurudi tena nyumbani saa moja. Sahani ya kila mtu ikachukua mahali pa sinia, na chakula cha njiani kikachukua mahali pa chakula cha mchana. Leo kijana wa mjini ananunua chipsi mayai jioni, anateremshia soda, anakula peke yake huku amesimama. Mafuta ni ya mimea, mayai ni ya kuku, soda haina kileo; kwa hukumu ya kwanza hakuna cha kukataza. Lakini chupa moja ya soda ya mililita 350 huweza kuwa na sukari ya gramu 35 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limeshauri kwamba sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu zote ambazo mtu hupata katika chakula chake. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni kama gramu 50 kwa siku, na pungufu ya nusu yake ni bora zaidi. Chumvi limeshauri isifike gramu 5. Chupa mbili za soda hulivuka fungu la siku nzima kabla ya chai ya asubuhi kuhesabiwa.

Hata Ramadhani imeguswa. Mwezi uliowekwa kuizoeza nafsi kujizuia, katika nyumba nyingi umekuwa mwezi wa kukaanga: sambusa, bajia na kachori, kisha kaimati zilizozama katika shira na sharubati yenye sukari tele. Daku huachwa kwa sababu ya usingizi, na futari hubeba mizigo ya nyakati zote mbili. Kijana amefunga kwa sheria na kufungua kwa halali, lakini mwili wake haukupumzika. Wakati huo huo maradhi ya kisukari na ya shinikizo la damu yameongezeka katika miji ya Afrika ya Mashariki, nayo ni maradhi ambayo mbegu yake hupandwa mara nyingi katika ulaji wa ujanani.

Nembo ya halali inayopigwa kwenye vifurushi vya viwandani, pamoja na faida yake kubwa, imezidi kuthibitisha kipimo kile kimoja. Nembo husema kwamba hakuna najisi ndani yake. Haisemi kwamba kitu ni chema, wala haisemi kinatosha kiasi gani. Msomaji wa nembo asiyejua sehemu mbili zilizobaki huidhania kuwa idhini kamili.

Hitimisho

Historia hii haimtaki kijana arudi kwenye uwele wa Tumbe, wala haimtaki alikatae kila jambo geni. Kama wazee wangalikataa mageni, futari isingalikuwa na muhogo. Inachoonyesha ni kwamba mafunzo yaliyobebwa na neno yalidumu, na mafunzo yaliyobebwa na desturi yalidhoofika desturi ilipobadilika. Hivyo sehemu ya pili na ya tatu zahitaji sasa kufundishwa kwa maneno, pale pale ambapo ile ya kwanza hufundishwa. Mwalimu wa madrasa anapoeleza aya ya 168 asiipite sifa ya pili kwa haraka, bali aulize darasa lake ni chakula gani cha jana kilikuwa halali na kisichofaa. Anapoeleza israfu asiishie kwenye fedha za arusi. Na mzazi anayeweza kuwakusanya wanawe kwenye sinia, hata kama ni mara moja kwa juma, siku ya Ijumaa, bado ana chuo nyumbani kwake. Umar bin Abi Salama hakufundishwa kwa kitabu. Alifundishwa na mtu mzima aliyekuwa akila naye, akauona mkono wake ukizunguka.